Neno placenta na miaka yangu ya leba

Mimi ni mkunga, na kwa sasa nafundisha wanaojiandaa kuwa wakunga. Kazi yetu imejaa Kilatini. Kwenye faili, kwenye barua ya rufaa, hata tunapokabidhiana zamu, mambo mazito ya mwili wa mama husemwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo. Nilipokuwa mwanafunzi tuliyakariri tu maneno hayo. Ukitamka sawasawa na usikosee herufi, mtihani umepita.

Aliyenifungua macho ni mtawa mmoja mzee aliyetufundisha anatomia. Alikuwa amesali kwa Kilatini tangu utotoni, enzi ambazo misa ilikuwa bado haijaanza kusomwa kwa Kiswahili, kwa hiyo maneno yale kwake yalikuwa na uhai. Siku ya somo la kondo la nyuma aliandika ubaoni: placenta. Akauliza maana yake nini. Tukajibu kwa pamoja, kondo la nyuma. Akatikisa kichwa. "Hicho ni kitu kinachoitwa kwa neno hilo. Mimi nauliza neno lenyewe lasema nini." Darasa kimya. Ndipo akatuambia kwamba ni chakula: keki bapa ya jibini na asali waliyokuwa wakila Warumi.

Wenzangu walicheka na somo likaendelea. Mimi jambo lile lilinikaa. Miaka ikapita, nikapata nafasi ya kusoma habari za keki hiyo, na ni habari tamu kweli. Cato Mzee, mwanasiasa na mkulima wa Roma aliyefariki mwaka 149 kabla ya Kristo, aliacha kitabu cha kilimo, na ndani yake akaeleza namna ya kupika placenta. Unakanda unga wa ngano wa kufanyia kitako. Unasukuma matabaka mengine membamba, unayaacha yakauke. Unachukua jibini bichi la kondoo, ratili 14 za Kirumi, ambazo hazipungui kilo nne na nusu, unaliloweka na kulibadilishia maji mara 3, kisha unalichanganya na asali ratili 4 na nusu. Unapanga tabaka la unga, tabaka la jibini na asali, tena unga, tena jibini, mpaka juu. Unakunja kingo za kitako kufunika. Chini kuna majani yenye harufu nzuri yaliyopakwa mafuta. Halafu unafunika kwa chungu cha moto na kupalia makaa juu na pembeni. Mwanamke wa pwani anayepika mkate wake kwa moto wa juu na wa chini hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Warumi nao walilipata neno kwa Wagiriki, walioita mkate wa namna hiyo plakous, kutokana na plax, kitu kilicho bapa. Neno halikufa jikoni hata baada ya kuhamia kwa madaktari: Romania mpaka leo wanakula plăcintă, yenye jibini au tofaa au boga ndani, na nina hakika wengi wao wanaila bila kufikiria leba hata kidogo.

Aliyelitoa neno jikoni akalipeleka kwenye anatomia ni Realdo Colombo, mzaliwa wa Cremona huko Italia, aliyefundisha anatomia Padua, Pisa na Roma. Kitabu chake kilichapishwa Venice mwaka 1559, mwaka ule ule aliofariki, na humo akalifananisha kondo la binadamu na keki ya duara. Kabla yake Kilatini kilikuwa na jina jingine: secundae, na baadaye secundinae, maana yake vile vinavyofuata. Nilipolisoma hilo nilisimama. Ni "la nyuma" letu hasa! Mtoto anatangulia, chenyewe kinafuata. Warumi wa kale na wakunga wa Kiswahili, bila kukutana popote, walikipa kitu kile kile jina kutokana na zamu yake ya kutoka.

Kwa nini basi Colombo aliona haja ya jina jipya? Nadhani jibu limo katika hali ya anatomia ya siku zile. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya walikuwa wakimfuata Galeni, tabibu Mgiriki wa kale, ambaye mengi ya aliyoyaandika kuhusu mwili wa mtu aliyaona kwa nyani, nguruwe na wanyama wengine. Andreas Vesalius, aliyefundisha Padua kabla ya Colombo, ndiye aliyeusuta mtindo huo kwa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543. Na bado hata yeye, katika kitabu hicho hicho, mchoro wa mtoto wa binadamu tumboni ulichorwa na kondo la mbwa, ambalo limezunguka katikati ya mfuko mithili ya mshipi. Alilirekebisha katika toleo la 1555. Kwa hiyo aliyesema "duara na bapa" alikuwa anatoa ushahidi. Alisema: nimeliona la mwanadamu, na liko hivi.

Jina hilo halisemi chochote kuhusu kazi ya kondo. Wakati huo hakuna aliyeijua barabara. Ilichukua zaidi ya miaka 200, mpaka ndugu wawili, William na John Hunter wa London, walipoonyesha kwamba damu ya mama na damu ya mtoto haziungani bali kila moja ina njia yake. Kitabu cha William chenye michoro mikubwa ya mji wa mimba kilitoka mwaka 1774. Colombo alituachia umbo tu. Lakini kwangu mimi, mtu wa leba, umbo ndilo linalookoa maisha, na hapa nataka nieleze taratibu.

Kondo likishatoka, zamu ya kulitazama ni yetu. Mama amechoka, ndugu wanaulizana kama ni mvulana au msichana, mtoto analia, na wewe umeshika beseni. Ni rahisi sana kulimwaga kwenye ndoo ili lipelekwe shimo la kondo, uendelee na mwingine. Ndiyo maana nasisitiza lilazwe. Lilaze mahali tambarare, upande wa mama juu. Utaona wekundu mzito wenye mabonge 15 hadi 20, yametenganishwa na mifereji. Futa damu iliyoganda. Yasogeze mabonge yakutane. Hapo ndipo keki ya Cato inapofanya kazi: duara lake lazima litimie, ukingo uzunguke mpaka urudi ulipoanzia, na kusiwe na pengo lililochanika katikati. Kondo la mimba iliyotimia lina uzito wa kama nusu kilo na upana wa sentimita 22 hivi. Kipande kidogo tu kikibaki ndani, mfuko wa uzazi hauwezi kujikunja vizuri, na mama ataendelea kuvuja damu, pengine baada ya wewe kutoka zamu.

Kisha geuza. Upande wa mtoto unang'aa, una rangi ya samawati iliyofifia, na mishipa inatawanyika kutoka pale kitovu kilipoungana nalo. Kata kitovu, hesabu: mishipa miwili ya ateri, mmoja wa vena. Mwishowe inua utando wa chupa, utazame dhidi ya mwanga.

Usiku mmoja nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kondo lilitoka bila shida na duara lilikuwa kamili, hakuna bonge lililopungua. Binti akasema, sista, limetimia. Nikamwomba ainue utando. Kutoka ukingoni mwa kondo mshipa wa damu ulikuwa umetoka nje, ukatembea juu ya utando mwembamba kama vidole vinne hivi, ukafika kwenye tundu, na hapo ukakatika. Nikamuuliza: mshipa huu ulikuwa unakwenda wapi? Akatazama kwa muda. Akasema polepole, "Ulikuwa unakwenda kwa mwenzake."

Alikuwa amelikumbuka somo. Wakati mwingine kondo huwa na kipande cha pili, kidogo, kilichokaa kando na kuunganishwa kwa mishipa tu. Kitabuni kinaitwa succenturiatus, neno linalotisha kuliko yote katika sura ile, na ndilo lenye maana nyepesi. Jeshi la Roma liligawanywa katika vikosi vilivyoitwa centuria, na succenturiatus alikuwa mtu aliyeingizwa kikosini kujaza nafasi: askari wa akiba. Tukilifundisha kwa Kiswahili tunasema "kondo la akiba", na mwanafunzi akishajua kwamba yupo wa akiba, hatosheki kuhesabu walio mstarini. Tulimwita daktari papo hapo. Akaingiza mkono, akakitoa kipande chenyewe, kisichozidi kiganja cha mtoto. Mama alipoteza damu kidogo tu, na asubuhi alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji.

Mabonge yale ya upande wa mama nayo yana jina, kotiledoni, kutoka Kigiriki kotyle, kikombe kidogo. Nilikuwa nalifundisha hilo kwa kupita, mpaka kijana mmoja kutoka familia ya wafugaji aliponyoosha mkono. Akasema kondo la ng'ombe halina duara. Lina vifundo vingi vilivyotapakaa, kila kimoja peke yake, na ng'ombe likimgomea inabidi wavibandue kimoja kimoja kwa mkono. Nilifurahi mno, kwa sababu hapo ndipo jina lilipotoka. Wagiriki walikuwa wamechinja na kupasua wanyama wenye vifundo vya namna hiyo, na jina likaja kurithishwa kwa binadamu ambaye mabonge yake yamebanana kwenye sahani moja. Kijana yule alikuwa ameona kwa macho tofauti iliyowasumbua mabingwa wa Ulaya kwa karne kadhaa. Tangu siku hiyo somo hilo analifungua mwanafunzi mfugaji, akiwepo.

Lakini faida kubwa ya kujua maana ya maneno haya niliipata wodini, kwa wenye miili yao.

Aliletwa dada mmoja, mimba ya miezi minane, ametokwa damu usiku bila maumivu ya aina yoyote. Picha ya altrasaundi ilionyesha kondo limekaa juu ya mlango wa kizazi na kuuziba. Daktari aliandika placenta praevia, akawaeleza ndugu kwa haraka kwa neno hilo hilo kwa kuwa mgonjwa mwingine alikuwa tayari mezani, akaondoka. Nilipopita nikamkuta mama mkwe anafunga mizigo kwenye khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sisi tunarudi nyumbani. Damu imekata. Huo ugonjwa wa prevea tutautafutia dawa zake."

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye. "Mama, huo si ugonjwa. Ni Kilatini tu, maana yake lililotangulia njiani. Hebu niambie, mtu akijifungua, kinatangulia nini?"

"Mtoto. Kondo linafuata. Si ndiyo maana linaitwa la nyuma?"

"Basi kwa mkamwana wako la nyuma limekuwa la mbele. Limekaa mlangoni kabisa, mtoto yuko nyuma yake."

Aliacha kufunga. "Sasa mtoto atapita wapi?"

"Hana pa kupita. Na uchungu ukianza, mlango utafunguka na kondo litabanduka kabla yake. Damu itakayomwagika hapo nyumbani hamtaweza kuizuia."

"Na hii iliyokata?"

"Hukata, mama, halafu hurudi. Na ikirudi huwa nyingi zaidi."

Binti mwenyewe alikuwa amelala kimya muda wote huo, uso kaugeuzia ukutani. Akageuka. "Dada, kwa hiyo si kwa sababu nilibeba maji?"

"Hapana, mdogo wangu. Lilishikia chini tangu mimba ilipotunga. Hukufanya kosa lolote."

Alilia, na mama mkwe akaenda kukaa kitandani kwake akamshika mguu. Jioni ile mumewe na shemeji zake wawili walikuja kutoa damu, bila kubembelezwa. Alifanyiwa operesheni, na akatoka na mtoto wake.

Nimeyasema hayo kwa kirefu kwa kuwa nimeona watu wengi wakidhani njia ya kumsaidia mgonjwa ni kulitupa neno la Kilatini na kuweka jingine la kutunga. Mimi siamini hivyo. Neno praevia litabaki kwenye faili, na linastahili kubaki: mama huyo akipata rufaa, akavuka mpaka, daktari wa Bujumbura au Muscat atalisoma na kujua lililopo bila mkalimani. Majina ya Kilatini ya viungo vya mwili yamepangwa kimataifa tangu orodha ya wanaanatomia iliyopitishwa Basel, Uswisi, mwaka 1895. Ninachodai ni kwamba mhudumu anayeliandika ajue linasema nini, kwa sababu aliyelijua hakosi Kiswahili cha kulieleza. Abruptio ni kubanduka. Decidua, ule utando wa ndani ya mji wa mimba unaotoka baada ya uzazi, ni kinachopukutika, kutokana na kitenzi kile kile cha Kilatini wanachotumia kwa miti inayopukutisha majani. Cervix ni shingo, nasi tunasema shingo ya kizazi. Bibi zetu husema chupa imepasuka. Na amnion, jina la utando huo huo, kwa Kigiriki cha kale lilikuwa bakuli la kukingia damu ya mnyama wa kafara. Chupa na bakuli. Waliotoa majina haya walikuwa wanatumia vyombo vya nyumbani kwao.

Na tusione haya kwa lugha yetu. Nimewahi kumsikia mwanafunzi akisema "placenta" mbele ya wakubwa kisha "kondo" kwa sauti ya chini, utadhani ametamka tusi. Neno kondo limebeba mengi. Wapo wazazi wanaoomba wapewe lao wakalizike nyumbani, na panaporuhusiwa tunawafungia vizuri. Kwa Waganda wa zamani kondo lilihesabiwa kuwa pacha wa mtoto na lilizikwa shinani mwa mgomba. Mswahili akitaka kukuambia hapa ni kwao husema hapa ndipo kitovu chake kilipozikwa. Keki ya Colombo haijawahi kupata heshima ya namna hiyo.

Mwaka huu tuko kwenye majina matatu ya kondo lisilobanduka, na darasa langu limegawanyika. Yote yanatokana na crescere, kukua au kuota. Accreta limeota likang'ang'ania ukuta wa mfuko. Increta limezama ndani ya nyama yake. Percreta limepita ukuta mzima hadi nje, na mara nyingine hufika kwenye kibofu cha mkojo. Hatari ya yote matatu huongezeka mama akiwa na kovu la operesheni ya uzazi ya awali na kondo likawa limekaa juu ya kovu hilo, kwa hiyo ni maneno ambayo wakunga wa leo watayahitaji kuliko sisi tulivyoyahitaji. Kwa mawili ya kwanza tumekubaliana: lililoshikamana na lililozama. Kwa la tatu wapo wanaotaka "lililotoboa", kwa kuwa ndugu wa mgonjwa watashtuka na kuleta watoa damu mapema. Mimi nimesimama na wanaosema "lililopitiliza". Kutoboa kunamfanya mama afikiri kuna tundu la kuziba, na ndugu zake wataniuliza linazibwa lini. Kupitiliza kunaeleza kwamba kondo limekwenda mbali kuliko mahali pake, na kwamba huenda daktari akalazimika kuliondoa pamoja na kizazi chenyewe. Hilo mama anapaswa kuambiwa kabla hajatia saini.